MacBook Pro ya M5: lipia kiwandani kisichoongezeka, kingine nunua kando

MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M5 ilitoka Oktoba 2025 kwa bei ya kuanzia dola 1,599, ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 na SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 512. Ile ya M4 ilianza na bei hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, na umbo ni lile lililoletwa mwaka 2021. Mabadiliko yako ndani. Kasi ya data kati ya RAM na chipu imepanda kutoka GB 120 kwa sekunde hadi 153, SSD ni ya kasi zaidi, na Apple wenyewe wanadai kwamba kazi zinazotumia viini vyote vya prosesa zinakwenda haraka kwa hadi asilimia 15 zaidi ya M4. Wi-Fi imebaki 6E na matundu ya Thunderbolt 4 ni matatu kama zamani. Mwenye M4 basi na abaki nayo. Ninayemwandikia hapa ni anayetoka kwenye mashine ya Intel iliyochoka, anayeishi kwa kazi ya kompyuta, na ambaye fedha hizi kwake ni kiwanja au ada ya mtoto.

Tuanze na bei yenyewe, kwa sababu dola 1,599 ni ya Marekani kabla ya kodi ya mauzo. Anayenunua ndani ya Jiji la New York anaongeza asilimia 8.875, wa Oregon au Delaware haongezi kitu. Dubai kuna VAT ya asilimia 5. Kwa upande wetu, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kompyuta mpakato ni sifuri, na kinachouma ni VAT: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Tukichukua shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, 1,599 ni shilingi 3,997,500, na ukiweka VAT ya Tanzania inakuwa 4,717,050. Hapo hujaweka usafiri wala faida ya mwenye duka. Apple hawana duka lao wenyewe popote Afrika, kwa hiyo bei unayoikuta Kariakoo au Nairobi ni ya mtu aliyeagiza na anayebeba hatari ya mzigo wake. Bei iliyo juu kidogo ya hesabu hii ni ya kawaida. Iliyo chini sana ya hesabu hii inadai maswali, na maswali hayo yanakuja mbele.

Kama unaagiziwa na ndugu, mwambie jambo moja zaidi. MacBook Pro ya M5 inayouzwa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haina chaja ndani ya boksi. Kuna waya wa kuchajia wa MagSafe tu. Ya Marekani inakuja na chaja ya wati 70, inayopokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo kinachohitaji kubadilishwa ni kichwa cha plagi peke yake. Kichwa hicho kinachomoka, na cha pini tatu za mraba kinauzwa kivyake. Adapta nyepesi za elfu mbili zinalegea kwenye soketi na kupiga cheche. Usiitese mashine ya milioni nne kwa kitu hicho.

Sasa kwenye kiini. RAM ya mashine hii imefungwa pamoja na chipu yenyewe, na SSD imechomelewa kwenye bodi. Hakuna fundi, awe hodari kiasi gani, atakayekuongezea RAM baada ya miaka mitatu kama tulivyozoea kwenye ThinkPad za zamani. Apple wanajua hivyo, na bei za nyongeza ilipotoka zilionyesha: kutoka GB 16 hadi 24 ilikuwa dola 200, hadi 32 dola 400, SSD kutoka GB 512 hadi TB 1 dola 200. Watu wengi wakiwa na dola 200 za ziada wanakimbilia SSD, kwa sababu nafasi ya kuhifadhi ni kitu wanachokiona kikijaa. Mimi nasema kinyume chake. Nafasi inaweza kununuliwa nje wakati wowote, kwa bei ya sokoni. RAM hainunuliki tena. Dola 200 za kwanza ziende kwenye RAM.

Utajuaje kama unahitaji 24? Usikisie, pima. Kama tayari una Mac yoyote, fungua Activity Monitor, nenda sehemu ya Memory, halafu fanya kazi zako za kila siku zote kwa pamoja: mradi wa video uko wazi, kivinjari kina kurasa zako ishirini, WhatsApp ipo, muziki unacheza. Angalia grafu iliyo chini. Ikibaki kijani, RAM uliyo nayo inakutosha. Ikigeuka njano kwa dakika nyingi, na mstari wa Swap Used ukapita GB 4 au 5, mashine imeanza kuazima nafasi kwenye SSD. Kuazima huko kwenyewe si balaa, SSD ya kisasa ina kasi. Tatizo ni kwamba kazi hazipungui mwaka hadi mwaka: kamera mpya inarekodi faili nzito zaidi, programu nazo zinanenepa. Mashine inayoazima GB 5 siku ya kwanza itakuwa inakwama mwaka wa nne, na mwaka wa nne ndipo ulipotegemea ianze kukulipa. Kwa mhariri wa video za harusi, mpiga picha anayefungua picha za megapikseli 40 na zaidi, au mwandika programu anayeendesha Docker na emuleta ya Android kwa pamoja, 24 ndiyo ya kuanzia. Kwa anayeandika, anayefundisha, anayefanya hesabu za Excel, 16 inatosha kabisa, lakini huyo pengine hahitaji Pro, na tutamrudia.

Tuangalie nafasi kwa namba. SSD ya GB 512 inaonekana kwenye Mac kama GB 494, na mfumo na programu zako zitachukua sehemu nzuri ya hizo. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inatoa GB 45 kwa saa. Harusi yenye kamera mbili na saa sita za kurekodi ni GB 540. Haiingii. Ukigeuza faili kuwa ProRes 422, fomati nzito ya kuhariria, kwa fremu 25 kwa sekunde, saa moja ya 4K ni kama GB 221. Kwa hiyo hata TB 1 ya Apple haikuokoi. Ungehitaji diski ya nje vilevile. Ndiyo maana nasema kubali 512, kisha nunua SSD ya nje ya TB 1 au 2 yenye kasi ya megabaiti 1,000 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye diski, bila kunakili kwanza.

Yapo makosa mawili yanayoharibu mpango huu. Kosa la kwanza ni waya. SSD nzuri ikichomekwa kwa waya wa USB-C uliokuja na simu, kasi inashuka hadi megabaiti 40 hivi, kwa sababu nyaya nyingi za simu ni za USB 2. Tumia waya uliokuja na diski na uutie alama. La pili ni fomati. Diski nyingi zinatoka dukani zikiwa exFAT ili zisomeke Windows na Mac. Fomati hiyo haina kumbukumbu ya kujirekebisha, na diski ikichomoka katikati ya kuandika, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika na kazi ya wiki ikapotea. Kama diski ni ya Mac peke yake, ifomati APFS kwa Disk Utility siku ile ile ya kuinunua. Weka exFAT kwenye diski ndogo ya kupelekea wateja kazi zao.

Halafu kuna mshindani wa kweli, naye anatoka nyumba ile ile: MacBook Air ya inchi 13 yenye M4, iliyotoka Machi 2025 kwa dola 999, RAM GB 16 na SSD GB 256. Tofauti ya dola 600 inaonekana kubwa mpaka uzipange sawasawa. Air yenye 16 na 512 ilikuwa dola 1,199, na yenye 24 na 512 dola 1,399. Pro yenye 24 na 512 ilitoka kwa 1,799. Kwa hiyo swali halisi ni dola 400: zinanunua nini?

Zinanunua feni, kwanza kabisa. Air haina feni. Ukiibebesha kazi nzito mfululizo, baada ya dakika kadhaa inapunguza kasi yake ili isiungue, na Apple wanataja nyuzi joto 10 hadi 35 kama mazingira yanayofaa kwa kompyuta hizi. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinakaa karibu kabisa na ukingo huo. Kazi ya dakika tatu hutaona tofauti. Kutoa video ya saa mbili, ambayo inachemsha chipu kwa nusu saa au zaidi, utaiona kila siku. Kwenye chumba cha baridi Arusha au Limuru tofauti hiyo inapungua, na hili si jambo ambalo vipimo vya maabara za Ulaya vitakuambia.

Zinanunua tundu la kadi ya SD linalosoma hadi megabaiti 250 kwa sekunde. Kadi ya GB 128 iliyojaa inashuka kwa dakika kama tisa, kama kadi yenyewe ni ya UHS-II, aina ya kasi zaidi. Habu (vifaa vya kuongeza matundu) za bei rahisi unazochomeka kwenye Air mara nyingi ni za UHS-I, zinazofika megabaiti 90 hivi, na kadi hiyo hiyo inachukua dakika 24. Mwenye kadi nne kila Jumapili ajipigie mwenyewe. Kuna pia tundu la HDMI, kwa wanaofundisha au kuonyesha kazi ukumbini bila kutafuta kiunganishi.

Zinanunua kioo. Hiki ni kizuri kweli, na sisemi hivyo kwa ushabiki. Mwanga wake unafika niti 1,000 ukiwa nje juani, wakati Air inaishia 500. Picha zinajipyaisha mara 120 kwa sekunde badala ya 60. Na weusi wake ni weusi, kwa kuwa taa za nyuma zinazimwa kwa vipande. Anayerekebisha rangi anahitaji hicho. Anayeandika ripoti atakifurahia wiki mbili kisha atasahau. Nyongeza ya kioo kisichoakisi, dola 150, achana nayo, labda uwe unakaa mkabala na dirisha siku nzima. Kinahitaji kitambaa chake maalumu na uangalifu kwenye kukisafisha.

Betri inabeba saa 72.4 za wati (Wh), dhidi ya 53.8 za Air. Apple wanasema saa 24 za kutazama video. Gawanya: 72.4 kwa 24 ni wati 3. Hiyo ni mashine yenye mwanga mdogo, inatazama filamu, haifanyi kingine. Kwa mtandao wa Wi-Fi wanasema saa 16, yaani wati 4.5. Ukiandika na kufungua kurasa ukiwa na mwanga wa kutosha, hesabu wati 8, ambazo ni saa tisa. Ukihariri video, wati 20 hadi 40, na saa tisa zinageuka mbili hadi tatu na nusu. Bado ni nyingi kwa sehemu zenye mgawo wa umeme, na pawabanki ya milliampea-saa 20,000 yenye USB-C ya wati 65 inarudisha sehemu kubwa ya chaji: ndani yake mna saa 74 za wati, na baada ya upotevu unabaki na kama 60. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena, maana volti ya mwanzo ndiyo inayoua chaja, na soketi yenye kinga ya umeme ni ya lazima kuliko kava la rangi.

Betri hiyo imepimwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000. Ukimaliza mzunguko mzima kila siku, ni chini kidogo ya miaka mitatu. Ukimaliza nusu, mitano na nusu. Joto linaiharakisha. Kuibadilisha kwa bei ya Apple ya Marekani ni dola 249 kwa Pro na 159 kwa Air, na gharama hii iingie kwenye hesabu tangu leo.

Basi tuifanye hesabu hiyo. Chukua miaka sita. Pro ya 24/512 pamoja na VAT ni shilingi 5,307,050. Weka SSD ya nje, tuseme 350,000, na betri moja, 622,500. Jumla 6,279,550. Tukikisia kwamba itauzwa kwa 1,200,000 mwishoni, gharama halisi ni kama 5,080,000, au 70,500 kwa mwezi. Air ya 24/512 kwa njia hiyo hiyo: 4,127,050, diski 350,000, betri 397,500, habu nzuri 100,000, toa 900,000 ya kuuza, inabaki karibu 56,600 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 14,000 kwa mwezi. Mwenye harusi mbili kwa mwezi asihangaike na uamuzi huu hata kidogo: achukue Pro. Mwanafunzi, mwalimu, mhasibu, mwandishi, achukue Air ya kuanzia, ambayo kwa bei ile na VAT ni 2,947,050, na zaidi ya milioni mbili zinazobaki ziingie kwenye shughuli nyingine. Badilisha makisio yangu kwa bei za mtaani kwako, lakini usiruke hatua ya kuuza wala ya betri. Wanaoziruka ndio wanaofananisha mashine ya milioni tano na ya milioni moja na nusu iliyodumu miaka miwili.

Wapo ambao hata Pro ya bure ingewapotezea muda. Tally, programu ya uhasibu, haina toleo la Mac. Revit, SolidWorks na Power BI Desktop pia ni za Windows. Kuna njia za kuzungusha, lakini mtu ambaye mkate wake uko kwenye mojawapo ya programu hizo anahitaji mashine inayoiendesha bila kuzungusha. Anayefanya kazi za 3D au mafunzo ya AI zinazodai CUDA, mfumo wa NVIDIA peke yao, atafute yenye kadi ya NVIDIA. Kwa wahariri wa video, jihadharini na kitu kimoja: kamera nyingi za sasa zinarekodi H.265 ya biti 10 kwa 4:2:2, na kadi za RTX za kizazi cha 40 kurudi nyuma hazina sehemu ya kuifungua. Mashine yenye sifa nzuri kwenye karatasi inaweza kukwama wakati wa kucheza faili, na muuzaji hatajua kwa nini. Chipu za Apple zinaifungua zenyewe, hata ile ya Air, na hapo ndipo Mac inapopata sifa ambayo watu wanaidhani ni ya uchawi.

Kuhusu zilizotumika. Pro ya 2021 yenye M1 Pro na GB 16 bado ni kazi safi, na kwa wengi ni ununuzi wenye akili kuliko mpya. Za Intel ziacheni, hata zikishuka bei kiasi gani: mfumo wa macOS Tahoe wa Septemba 2025 ndio wa mwisho kwa Intel, na ni modeli nne tu za Mac za Intel zinazoupokea. Za 2016 hadi 2019 zenye kibodi ya kipepeo zina ugonjwa wa vitufe kukwama kwa vumbi.

Kabla ya kulipia iliyotumika, fanya haya mbele ya muuzaji. Fungua System Information, sehemu ya Hardware, soma mstari wa Activation Lock Status. Ukisema Enabled, mwenyewe wa zamani hajaondoa akaunti yake. Nenda Power, soma Cycle Count. Ingiza namba ya seri kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia dhamana ulinganishe modeli na tarehe. Halafu mwombe afute mashine yote na aiwashe upya ikiwa kwenye intaneti. Kama ilikuwa ya kampuni au shule nje na hawakuiachia rasmi, utatokea ukurasa wa Remote Management unaotaja mwenye mali. Fundi atakwambia anaweza kuipita. Anaweza, mpaka siku utakapoifuta tena. Muuzaji akikataa kufuta, ondoka.

Na yenye kununuliwa mpya, hatari kubwa ni ndogo ndogo. Kifuniko cha plastiki cha kamera kinaweza kupasua kioo, kwa sababu nafasi kati ya kioo na kibodi ni finyu. Apple wanaonya dhidi ya chochote kinachozidi milimita 0.1. Punje ya mchanga inaweza kufanya hivyo hivyo, na kioo kinabadilishwa kizima na mfuniko wake. Chai ikimwagika, dhamana ya mwaka mmoja haihusiki: zima papo hapo, chomoa waya, igeuze kifudifudi, ipeleke kwa fundi afungue na kusafisha bodi bila kuijaribu kuwasha, na achana na mchele. Kwa kuwa SSD iko kwenye bodi, bodi ikifa mafaili yanakufa nayo. Nunua diski ya pili ya kawaida, ya TB 2, washa Time Machine, programu ya Mac ya kutunza nakala, jioni ile ile unayofungua boksi, na uiache diski hiyo nyumbani unapotoka na mashine.